Mpishi Aliyekatazwa Kumeza

Mwinyihaji wa Timbwani alikuwa mnene, na unene wake ulikuwa kama mali ya mtaa mzima. Watu wakimwona anapita, kikoi kimefungwa chini ya tumbo na kofia imekaa nyuma ya kichwa, walikuwa wakisema, "Yule pale mpishi wetu," tena kwa fahari, kama mtu anavyomwonyesha mgeni msikiti wa kwao. Na kweli, mpishi mwembamba nani angemwamini? Mtu akitaka kuoza binti, kuanzia Likoni mpaka Mtongwe, na siku nyengine mpaka ng'ambo huko Kisauni, alipita kwanza kwa Mwinyihaji, hata kabla hajanunua mchele. Naye atatoka barazani, atajikalisha, kiti kitalia, kisha atauliza swali lake lile lile:

"Mwataka biriani, au mwataka biriani ya Mwinyihaji?"

Watu watacheka, na shughuli imekubaliwa.

Sasa mwaka ule uliofuata baada ya zile mvua kubwa, zile walizoziita El Nino, zilizokata barabara na kutuachia mbu wa kila namna, mwili ukaanza kumgeuka. Ilianza pumzi. Kuteremsha sufuria motoni, kazi aliyoifanya tangu ujana wake, ikawa kila akimaliza lazima ashike ukuta. Halafu miguu. Ilivimba mpaka akakata mikanda ya champali kwa kisu cha vitunguu, na ukiibonyeza kwa kidole shimo lilibaki pale pale, la kutazama. Kulala nako kukawa ni kwa kukaa, mito mgongoni, maana akijinyoosha alihisi kama mtu amemkalia kifuani.

Kenga, msaidizi wake, mtu mzima wa Kigiriama aliyeletwa kazini na njaa na akabakishwa na mapenzi, ndiye aliyesema kwanza.

"Fundi, wewe wapumua kama lori la mchanga."

"Nawe mdomo wako haupumziki. Hebu chochea moto."

"Moto wawaka. Wewe ndiwe wazimika."

Mwinyihaji akamtupia ganda la kitunguu. Lakini Kenga hakuwa mtu wa kunyamaza. Waliporudi Timbwani kutoka kazini alipitiliza mpaka kwa mkewe Mwinyihaji, Bi Dhahabu, akamweleza yote, na Dhahabu kesho yake asubuhi akavaa buibui akampeleka mumewe kwenye kituo cha afya. Alimpeleka kwa maneno, maana kwa mikono asingemweza.

Daktari pale alikuwa mwanamke wa bara, Milcah, Kiswahili chake kimenyooka kama rula lakini adabu anayo. Akampa shikamoo, akamkalisha, akatwaa ule mkanda wa kupimia presha amfunge mkononi. Mkanda haukufika. Akavuta, akavuta, wapi. Ikabidi atafute mwengine mkubwa, nao akaupata chumba cha pili, na muda wote huo Mwinyihaji alikuwa akitazama mkono wake kama mkono wa mtu mwengine.

Daktari Milcah akapima, akapima tena, akasikiliza kifua, akabonyeza miguu. Kisha akavuta kiti chake karibu.

"Mzee, moyo wako umechoka. Presha iko juu sana, na mwili umejaa maji. Unafanya kazi gani?"

"Mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi."

"Basi hiyo kazi uiache."

Dhahabu akashika ushungi wake. Mwinyihaji akacheka kicheko kifupi, cha mtu aliyeambiwa jambo la upuuzi na mtoto wa watu.

"Daktari, mwanangu, ungenambia niwache kuvuta pumzi ningekusikia vyema zaidi."

"Ndicho ninachojaribu kukuzuia usiache, mzee."

Mwinyihaji akatazama viganja vyake. Babake alikuwa mpishi. Babu yake alikuwa mpishi. Yeye shuleni alikaa mpaka alipojua kuandika jina lake, akatolewa akaingizwa uani kwenye moshi, na hapo ndipo alipopata kuwa mtu. Ukimtoa kwenye sufuria, Mwinyihaji ni nani? Ni mzee mnene wa barazani basi, wa kumnunulia tambuu na kumsahau.

Daktari akaona uso ule. Akaregeza.

"Tufanye hivi. Nakupa dawa, uzimeze kila siku. Chumvi upunguze, mafuta upunguze, unene upungue. Kazi endelea nayo kwa sasa, tuangalie mpaka baada ya Idi. Ukipungua na presha ikashuka, ubaki na masufuria yako. Usipopungua, mzee wangu, moto uachane nao kabisa. Sitaki uletwe hapa kwa mkokoteni."

Wakatoka na hayo.

Dhahabu hakulala juu ya jambo hilo. Jioni hiyo hiyo kopo la chumvi likahamia kwa jirani. Papa wa chumvi aliyekuwa akining'inia jikoni, yule Mwinyihaji aliyempenda kuliko jamaa zake wengine, akapewa Kenga. Achari ikafuata njia. Mahamri ya asubuhi yakawa muhogo wa kuchemsha, wali wa nazi ukawa wali wa tui la pili, la maji maji, na mchuzi ukawa mchicha na ndimu.

"Dhahabu, hii ni mboga au ni nyasi za msikitini?"

"Kula, Baba Mwanarusi. Mbuzi wala nyasi na hawana presha."

"Mbuzi wachinjwa."

"Nawe wataka kufa kabla hawajachinjwa. Kula."

Alikula. Alinung'unika, lakini alikula, na hakuchungulia kwa jirani, na akipita penye viazi vya kukaanga aligeuza uso. Mtu asimsingizie, alishika masharti. Hata dada yake alipokuja kutoka Kisauni, akaona sahani ile, akampigia wifi yake kelele, "Wamfunga njaa ndugu yangu, mume mtu mzima walisha majani!" Mwinyihaji mwenyewe ndiye aliyemtetea mkewe.

"Niwache, dada. Huyu ataka kunibakisha."

Basi ukaja wakati wa kurudi kwa daktari. Akapanda kwenye mizani kwa furaha, kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Mshale ukaenda, ukaenda, ukasimama. Daktari Milcah akautazama, akainama akautazama tena.

"Mzee, umeongezeka."

Jamani. Daktari akamtazama Dhahabu. Dhahabu akamtazama mumewe. Mwinyihaji akainua mkono.

"Wallahi, naapa, sili. Muulize huyu. Sili!"

Na njia nzima ya kurudi Dhahabu alikuwa akiumia. Mtaani wasema amemfunga njaa, daktari amemtazama kama anayemlisha kwa siri, na mume aapa kwa Mungu. Ataapaje uongo, mtu anayeswali? Hakuelewa. Akajiambia, hapana, mimi hili nitaliona kwa macho yangu.

Ijumaa iliyofuata palikuwa na harusi Mtongwe. Dhahabu akaenda na wanawake wenziwe, lakini badala ya kukaa ukumbini na vigelegele akazunguka nyuma, uani, kunakopikwa. Palikuwa na lundo la makumbi ya nazi limepanda kama kichuguu. Akajibanza nyuma yake, buibui lake jeusi na moshi ule, hakuna aliyemtambua.

Akamwona mumewe kazini. Kusema kweli, ilikuwa raha kumtazama. Mtu yule mzito alikuwa akizunguka masufuria yake kama bwana harusi. Afunua hili, apalia makaa juu ya lile, amkaripia Kenga kwa kuni mbichi. Halafu akatwaa upawa, akachota supu, akamimina kiganjani, akanywa. Akatikisa kichwa. Chumvi kidogo. Akachota tena, akanywa. Naam. Akahamia sufuria la biriani, akatoa kipande cha nyama kuona kama imeiva, akatafuna, akameza, akatoa kingine cha upande wa pili, maana upande wa ukutani moto si sawa. Akatafuna, akameza. Kiazi, kimeiva? Kimeiva. Na kile cha chini? Kimeiva nacho. Vitunguu vya kukaanga, vimekauka sawasawa? Akatia kinywani gao zima la mkono. Masala, mtindi umekubali? Akakwangua pembeni kwa kidole, akalamba. Akarudi kwenye supu, maana ameongeza maji. Na akimaliza mzunguko, alianza upya.

Dhahabu akatoka nyuma ya makumbi.

"Baba Mwanarusi!"

Upawa nusura umtoke. "Dhahabu? Wafanyani huku kwenye moshi?"

"Umekula nini leo?"

"Leo? Chai kavu na kile kipande cha muhogo ulichonipa. Sijatia kitu."

"Na hicho kilichomo kinywani?"

Mwinyihaji akameza upesi. "Hiki? Hiki naonja."

Na alisema kwa moyo mweupe kabisa! Hapo ndipo Dhahabu alipofahamu kwamba mumewe hakuapa uongo. Kwa wapishi wa shughuli, toka kale, kinachopita kinywani kando ya sufuria si chakula, ni kazi. Fundi atazunguka na upawa tangu alfajiri mpaka adhuhuri, na ukimuuliza atakwambia tumbo li tupu, na ataliamini hilo, maana kula ni kukaa kitako na wenzio kwenye sinia, bismillahi, mkono umenawa. Ndivyo babake alivyomlea. Hakuna mpishi aliyewahi kuhesabu alichoonja, kama vile hakuna fundi wa nguo anayehesabu vipande vya uzi.

Kenga akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye kuni.

"Bibi, huyu akila ni mwembamba. Akionja ndio anenepa!"

Dhahabu akacheka naye, kisha kicheko kikakatika, akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Mume wangu, waniacha mjane kwa kuonja."

Mwinyihaji akasimama pale na upawa wake. Alitazama kiganja chake kinachong'aa samli. Supu ile yote, chumvi ile yote, mafuta yale yote, harusi kwa harusi, na yeye nyumbani akipigana na mchicha.

"Sasa nifanyeje?" akauliza, na sauti ilikuwa ya mtu aliyepotea njia karibu na kwao. "Nisipoonja nitapikaje? Nitapika kama kipofu?"

Dhahabu akafikiri. "Mwezi wa Ramadhani wapikaje futari ya msikitini?"

"Ramadhani? Naonja kwa ncha ya ulimi, natema. Hiyo ruhusa mpishi anayo, mradi kisipite kooni."

"Na futari huharibika?"

"Futari yangu iharibike?" Akakasirika kidogo. "Watu watoka misikiti myengine kuja kufuturu kwangu!"

"Basi ulimi wako hauna haja ya tumbo lako," akasema Dhahabu. "Kuanzia leo, mbele ya sufuria wewe umefunga. Mwaka mzima."

Mwinyihaji akatazama supu, akatazama mkewe. Kisha akachota, akagusa kwa ncha ya ulimi, akageuka, akatema kwenye majivu.

"Imekolea," akasema kwa huzuni.

Ndivyo ilivyoanza. Mwanzo ilimwia vigumu, asikwambie mtu. Nyama laini iko ulimini, yakuita, nawe uiteme! Lakini aliendelea. Ikaja Ramadhani yenyewe, daktari akamruhusu kufunga mradi dawa asiziache, akizimeza kwa maji usiku wakati wa daku. Alipika futari ya msikitini, alipofuturu alikula alichowekewa na Dhahabu, na mwili ukaanza kusikia. Kikoi kikawa kinahitaji kukunjwa zaidi kiunoni.

Hapo likamjia jambo la kumtia hofu. Mkojo. Akawa aenda chooni, arudi, aenda tena, mwingi kama aliyekunywa mtungi. Na huku miguu yashuka, mifupa ya vifundoni ikaonekana, mifupa ambayo Dhahabu alisema hajaiona tangu siku walipooana.

"Dhahabu, nayeyuka," akasema. "Hii ni sukari. Marehemu ami yangu ilianza hivi hivi."

Wakarudi kwa daktari mbio mbio. Daktari Milcah akampima sukari, hana. Akampima presha, akatabasamu. Akampandisha mizani, akatabasamu zaidi.

"Mzee, huyeyuki. Moyo wako umeanza kusikilizwa."

"Na nani?"

"Na figo. Ngoja nikueleze. Zamani tulifundishwa moyo ni pampu tu, kazi yake kusukuma damu. Si miaka mingi wataalamu wakagundua kuwa moyo wenyewe unatengeneza homoni. Damu ikijaa sana, moyo ukavutika, unaitoa homoni hiyo, inapita kwenye damu mpaka kwenye figo, inaziambia: fungueni, toeni chumvi. Chumvi ikitoka, maji yanaifuata, na moyo unapata nafasi."

"Kumbe moyo una tarishi wake!"

"Haswa. Sasa kwa mtu mnene sana, huyo tarishi anapungua. Wanasema mafuta ya mwili yanamshika njiani, hafiki na ujumbe. Moyo unatuma, figo hazisikii, chumvi inabaki, maji yanabaki, presha inapanda. Nawe juu yake ukawa unakunywa supu za harusi."

Mwinyihaji akapiga paja lake. "Nimekufahamu! Ni kama nikimtuma Kenga ukumbini akalete masinia. Njiani huyu amshika mkono, yule amwuliza habari za kwao Kaloleni, wa tatu ampa kahawa. Mimi jikoni wali waungua, na huko ukumbini watu wangoja, na Kenga katikati apiga soga!"

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. "Sasa umepungua, wale wa njiani wamepungua. Kenga anafika. Ndiyo maana unaenda chooni. Chumvi ya siku nyingi inatoka. Lakini dawa pia zinafanya kazi yake, usije ukaziacha. Na haya mambo ya homoni bado wanayachunguza, mimi nakwambia nilivyosoma."

"Daktari, mwanangu, Mungu akuhifadhi. Nilidhani moyo wangu ni mgonjwa tu. Kumbe muda wote ulikuwa waniita, mimi sina habari."

"Bado hatujamaliza," akasema daktari. "Baada ya Idi kuna harusi nyingi. Hapo ndipo nitakujua. Ukizimeza zile supu tena, tumerudi tulikotoka, na nitakuambia uache moto."

Idi ikaja, ikapita, na harusi zikafunguka. Ya kwanza ilikuwa Utange, kwa watu waliomjua Mwinyihaji kwa sifa tu. Bibi yake bi harusi, mtu mzima sana, Bi Mwanasaumu, ndiye aliyekuwa mwenye amri. Alikuwa mkali, mdomo mwekundu kwa tambuu, fimbo mkononi. Alipomwona Mwinyihaji ashuka kwenye gari na masufuria, akamtazama juu, akamtazama chini.

"Mpishi yuko wapi?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi niliambiwa mtu mnene."

"Mnene alibaki Timbwani, mama," akadakia Kenga. "Huyu ndiye aliyetoka ndani yake."

Bi Mwanasaumu hakucheka. Na siku zile, msisahau, mtu akikonda upesi watu walinong'ona. Palikuwa na ugonjwa ule, watu waliogopa hata kuutaja, na aliyepungua mwili alikuwa ameshahukumiwa. Mwinyihaji aliyaona macho ya wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu saumu. Akawasha moto.

Pilau ikapanda vizuri. Harufu ya bizari ikaenda mpaka barabarani. Ukafika wakati wa supu. Mwinyihaji akachota, akagusa kwa ulimi, akageuka, akatema.

"Ee!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Mpishi atema chakula cha harusi!"

Kumbe yote yalikuwa yakingoja neno moja. Wakaja wote uani. Huyu asema ni kisirani, mwengine asema anatema kwa kuwa amejua chakula kina kitu, wa tatu, kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, asema, "Mwaona alivyokonda? Mtu mgonjwa huyu, tena atutemea mate." Bi Mwanasaumu akapasua njia na fimbo yake. Alichota supu mwenyewe, upawa mzima, akaunyoosha mbele ya uso wa Mwinyihaji.

"Meza."

Mwinyihaji akautazama upawa. Mvuke wapanda. Samli imeelea juu, yang'aa. Upawa mmoja, hautamuua, alilijua hilo. Lakini alijijua na yeye mwenyewe. Ukipita mmoja mbele ya sufuria, na wa pili utapita, na kesho Mtongwe, na keshokutwa Likoni, kisha kiti cha daktari Milcah na neno lile. Na asipomeza? Habari itafika Timbwani kabla yake. Mpishi mgonjwa. Mpishi atemaye. Nani atamwita tena? Ameze, apoteze moyo. Asimeze, apoteze jiko. Hata Kenga akaacha kuchochea moto.

"Mama," akasema Mwinyihaji, "sitameza."

Minong'ono ikapanda.

"Sitameza, na nitakwambia kwa nini, na hawa wote wasikie, ingawa mambo ya mwili wa mtu mzima si ya kusemwa uani." Akavua kofia. "Mimi nilikuwa nakufa kwa kuonja. Sikuwa mlafi, nyumbani nilikula majani. Lakini sufuriani nilimeza harusi za watu miaka yote, chumvi na mafuta, mpaka miguu ikajaa maji na nikawa nalala nimekaa kama mlinzi. Mke wangu ndiye aliyegundua. Akanambia nionje kama aliyefunga, niteme. Moyo umepata nafuu. Chakula chenu nakipenda, mama, ndiyo maana nakitema. Nataka nije nipike na harusi ya kitukuu chako."

Kuni zikapasuka motoni. Bi Mwanasaumu akaushusha upawa taratibu, akamtazama mtu yule aliyesimama kichwa wazi, jasho lamtoka, hana pa kukimbilia.

"Mimi," akasema yule bibi, "marehemu mume wangu alikwenda kwa miguu ya maji kama unayoisema. Alilala amekaa mwaka mzima. Hakuna aliyetuambia neno la chumvi."

Akageuka, akaingia ndani, fimbo yagonga sakafu. Watu wakatazamana. Aliporudi alikuwa amebeba tasa lake la shaba la kutemea tambuu, limesuguliwa, limewekwa maji ndani. Akaliweka juu ya kigoda kando ya sufuria.

"Mimi hutema tangu nilipokuwa kigori, na hakuna aliyenambia nimeutukana mtambuu. Tema humu kwa heshima, mwanangu, si kwenye majivu kama kuku mgonjwa." Kisha akawageukia wanawake. "Nanyi mwatazama nini? Vitunguu saumu vimejimenya?"

Kicheko kilichopasuka hapo kilisikika mpaka ukumbini. Kenga akacheka, akalia, akacheka tena. Mwinyihaji akachota supu, akagusa kwa ulimi, akainama akatema kwenye shaba ile kama sultani.

"Haijakolea, mama. Bado kidogo."

"Basi tia! Lakini usizidishe. Kuna wazee humu."

Pilau ile ya Utange ililiwa mpaka sufuria zikabaki kulia kwa miiko. Na habari ilifika Timbwani kabla yake, kweli, lakini ilifika ikiwa nyengine: kwamba kuna mpishi aonjaye kwenye tasa la shaba, na wazee wenye presha hula chakula chake bila hofu. Walioanza kumwita walikuwa wengi kuliko waliomwacha.

Siku ya ahadi ikafika. Dhahabu akavaa buibui, Mwinyihaji akavaa kanzu, wakaenda kituoni. Daktari Milcah akatwaa mkanda wa kupimia, ule mdogo wa watu wote. Ukazunguka mkono, ukafunga. Akapuliza, akasikiliza, akauregeza.

"Mzee," akasema, "rudi kwenye masufuria yako."

Mwinyihaji akafungua kinywa kusema ahsante, lisitoke neno. Alisimama tu, kofia mkononi, mpaka Dhahabu akasema badala yake, "Ahsante, daktari. Mungu akulipe usilolitarajia. Huyu atasema kesho."

Walipofika nyumbani alitia udhu, akatandika mswala, akaenda chini kwenye sijida ya shukurani. Miaka mingi tumbo lilikuwa likimzuia, alikuwa akisujudu kwa kuinama akiwa kitini, kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Leo paji la uso lilifika, na pumzi haikukatika, na alisikia harufu ya ukindu wa mswala. Akakaa hapo hapo. Akakaa sana.

Dhahabu akachungulia mlangoni, akaona hainuki.

"Baba Mwanarusi! U mzima?"

Akainuka polepole, mkono wake mwenyewe gotini, bila ya kushikwa na mtu. Uso ulikuwa umelowa.

"Ni mzima. Nilikuwa nataja majina."

"Majina ya nani?"

"Ya watu. Daktari. Kenga na mdomo wake. Yule bibi wa Utange. Hata ile mizani nimeitaja."

Dhahabu akajiegemeza mlangoni. "Na mimi?"

"Wewe," akasema Mwinyihaji, akikunja mswala, "ndiwe uliyenichelewesha. Nilianza nawe, nikashindwa kukumaliza."

"Haya, njoo ule," akasema Dhahabu, na akageuka upesi asionekane uso. "Kuna mchicha."

"Alhamdulillahi," akasema Mwinyihaji, na kwa mara ya kwanza alimaanisha na mchicha.